Sura ya Sita: Mkono wa Kushoto

Kinanda kilikaa wiki tatu chini ya kitambaa cheupe. Kijana aliyekuwa akikipiga alipata kazi Dodoma. Akatuaga baada ya ibada ya pili, akakabidhi adapta, pedali na fleshi iliyofungwa uzi mwekundu, akapanda basi. Kwaya yetu ya usharika, hapa Morogoro, ikarudi kuimba bila ala. Tuliimba vizuri. Lakini washarika walikuwa wamekichangia kinanda kile kwa miaka miwili, wengine kwa kuku na mayai ya mnada, na kila walipoingia kanisani macho yao yalianzia kwenye kile kitambaa.

Alhamisi moja, mazoezi yalipokwisha, mama mwenyekiti akanifuata mlangoni.

"Mzee wetu, umestaafu, muda unao. Na masikio yako tunayajua. Shika kinanda."

"Mama, mimi nina miaka 61."

"Kwani nimekuuliza umri?"

Nilikuwa nimeimba besi miaka 34, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukaa mbele ya kinanda hata kwa dakika tano. Sura hii inaeleza nilivyojifunza. Naiandika kwa ajili ya kila aliyekwisha kustaafu, au anayekaribia, ambaye amesimama mbele ya mashine yenye taa nyingi akasema moyoni kwamba hayo ni mambo ya vijana. Ninalotaka ulishike ni hili: mtu mzima haijii mashine mpya mikono mitupu. Ana mzigo alioubeba miaka mingi bila kuuhesabu, na kazi yake ya kwanza ni kuufungua aone kilichomo.

Kinanda kinachosikiliza

Piano hukupa ulichobonyeza, basi. Kinanda cha aina hii husikiliza. Vibao vyake vimegawanywa sehemu mbili kwa mpaka usioonekana. Upande wa kulia wa mpaka ndiko unakopiga wimbo wenyewe, kwa saundi uliyochagua: filimbi, tarumbeta, ogani. Upande wa kushoto unabonyeza sauti tatu au nne kwa pamoja, ambazo wapiga vinanda wetu huziita kodi, na mashine inaitambua kodi hiyo papo hapo. Ngoma, gitaa la besi, gitaa la solo na vinanda vya nyuma vyote vinahamia hapo. Ukibadilisha kodi, bendi nzima inabadilika nawe. Mkono wa kulia unaimba. Wa kushoto ndio unaoongoza.

Bendi hiyo ndiyo inayoitwa staili. Kila staili ina utangulizi wake, mwendo mkuu ambao mara nyingi una ngazi nne kutoka upole hadi shangwe, mapambo mafupi ya kuvukia kutoka ngazi moja kwenda nyingine, na hitimisho. Na staili ni nyingi. Yamaha PSR-SX900, kinanda cha vibao 61 kilichotoka mwaka 2019, kina staili 525 na saundi zaidi ya 1,300. Ukisema uonje staili moja kila siku, utamaliza baada ya mwaka mmoja na miezi mitano, na hapo hujagusa saundi, wala mwangwi, wala kurekodi.

Wiki ya kwanza nilifanya kosa ambalo nimewaona wengi wa rika langu wakilifanya. Nilifungua kitabu cha maelekezo ukurasa wa kwanza, nikaanza kukisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Kufikia siku ya nne nilikuwa sijui hata la siku ya kwanza. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Kitabu kile kimeandikwa ili mtu atafute humo jambo analolihitaji. Hakikuandikwa ili kimezwe, na siku nilipolielewa hilo nilikifunga, nikakirudia tu nilipokuwa na swali.

Kilichonituliza zaidi ni kujua kwamba wazo la mguso mmoja kuita sauti nyingi ni la kale kuliko nilivyodhani. Mwaka 1829, jijini Vienna, fundi Cyrill Demian aliandikisha hataza ya ala ya mivukuto aliyoiita akodiani. Jina hilo alilitoa kwenye neno la kodi, kwa sababu kila kibao cha ala yake kilitoa kodi nzima kwa kidole kimoja. Akodiani ilizunguka dunia, ikafika hata Unguja na kukaa katikati ya taarabu. Kidole kimoja kuita sauti nyingi, basi, ni jambo ambalo babu wa babu yangu angeweza kuliona.

Hata neno kinanda limesafiri. Katika pwani ya zamani kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, ya kukwanyua kwa vidole. Baadaye jina likahamia kwenye ogani za kanisani zenye kukanyagwa kwa miguu, likatumika hata kwa gramafoni, na leo limekaa juu ya mashine yenye kioo cha kugusa. Wazee wetu walipokea ala mpya, wakaipa jina walilokuwa nalo, wakaendelea kuimba.

Do iko wapi?

Niliyemwomba msaada alikuwa yule yule kijana wa Dodoma. Alikuja kusalimia wazazi wake, akanipitia nyumbani jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa hapa unionyeshe kodi."

Akanionyesha C, F, G na A ndogo, haraka haraka, vidole vyake vikiruka kama vya mtu anayechambua mchele. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nilichokiona ni vidole tu. Akaniuliza swali ambalo sitalisahau: "Baba, kwani wewe nota unasomaje?"

Nasoma solfa, kama wanakwaya wengi wa nchi hii. Karatasi zetu zina herufi saba, d, r, m, f, s, l, t, zikitenganishwa kwa nukta na nukta pacha kuonyesha mapigo, na mistari minne: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mfumo huo ulianzia Uingereza kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ukaendelezwa katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, aliyetaka watu wa kawaida waweze kusoma muziki. Wamisionari wakaubeba. Ukatufikia sisi, ukakaa.

"Basi," kijana akasema, "C ni do, mi, so. F ni fa, la, do. G ni so, ti, re. A ndogo ni la, do, mi."

Nilinyamaza kwa muda. Sauti hizo nilikuwa nimezisikia maelfu ya mara. Zilikuwa zimenizunguka kila Jumapili: wenzangu wa sauti ya kwanza wakiwa juu ya mi, wa pili wakiwa juu ya do, wa tatu juu ya so, na mimi chini nikishikilia do. Kodi ni kwaya iliyokusanywa kwenye kiganja kimoja. Miaka 34 nilikuwa ndani yake, sikujua tu kwamba ina jina jingine.

Kuanzia jioni ile niliacha kujifunza vidole, nikajifunza sauti. Nitakuonyesha hatua yenyewe, kwani ndiyo iliyonifungulia mlango. Weka mkono wa kushoto juu ya mi, so, do: kidole cha mwisho kwenye mi, cha kati kwenye so, gumba kwenye do. Hiyo ni C, ila imepangwa kuanzia mi. Sasa unataka F. Usiruke. Gumba libaki kwenye do. Mi ipande hatua moja iwe fa, so ipande iwe la. Umefika. Rudi. Sasa unataka G: so ya katikati ibaki, mi ishuke iwe re, do ishuke iwe ti. Umefika tena. Na A ndogo ni rahisi kuliko zote: mi na do zinabaki, so pekee inapanda kwenda la.

Mwanakwaya yeyote atalitambua jambo hilo. Mwimbaji wa sauti ya pili haruki huku na huko. Anakaa kwenye noti yake mpaka wimbo umlazimishe kusogea, na akisogea anasogea kidogo. Mkono wa kushoto nao ufanye hivyo. Kwa wiki mbili sikuwasha ngoma wala kugusa mkono wa kulia. Niliimba besi kwa mdomo huku mkono ukibadilisha kodi, na mahali mdomo ulipojua pa kwenda, mkono ulifuata.

Solfa ilinipa na zawadi ya pili. Juu ya kila karatasi yetu pameandikwa Do ni G, Do ni F, Do ni B bapa. Mwimbaji wa solfa anajua tangu utoto kwamba do haina makazi ya kudumu. Mwalimu wa kwaya anaitoa, nasi tunajipanga kuizunguka. Kinanda kina kitufe kinachofanya kazi hiyo hiyo. Ukikishusha nusu-sauti tano, vibao vya C vinatoa G, vidole vikiwa pale pale. Mwanzoni nilikitegemea kwa kila wimbo. Baadaye nilijifunza kupiga F na G zenyewe, kwa kuwa mpigaji anayejua do ya C tu hukwama wimbo unapobadilisha do katikati. Lakini sioni aibu kwa miezi ile. Fimbo ya kutembelea ni halali mpaka mguu upate nguvu.

Jumapili ya sadaka

Mwezi wa tano nilikaa kwenye kinanda mbele ya watu. Wimbo ulikuwa wa sadaka, nilioupiga nyumbani zaidi ya mara mia. Beti mbili zikaenda salama. Kuingia ubeti wa tatu nilitaka kupandisha staili kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili. Kidole kikakosea kitufe kimoja. Nikabonyeza hitimisho.

Mashine ikatii. Ngoma zikapiga pambo lao la kumalizia, besi ikashuka taratibu hadi do, matoazi yakalia, kisha kimya. Watu walikuwa bado kwenye foleni ya kutoa. Mikono yangu ilikuwa juu ya vibao, nami sikujua nianzie wapi.

Sauti ya pili hawakusimama. Akina mama wale walikuwa wameimba kabla ya kinanda, na waliendelea bila hicho. Sauti ya kwanza ikawarudia, kisha tatu, kisha nne, na makofi yakachukua nafasi ya ngoma. Nikaondoa mikono nikaimba besi yangu. Foleni ikaisha, wimbo ukaisha.

Nilirudi nyumbani na uzito, nikatafakari mpaka usiku. Niliona kwamba kosa halikutokana na uzee wa vidole. Nilikuwa nimejipa vitufe vingi mno vya kuchagua kwa wakati mmoja. Kesho yake nilifanya mambo matatu. Kwanza, nilibandika kipande cha plasta nyeupe juu ya kitufe cha hitimisho, ili kidole kikikigusa kihisi tofauti bila jicho kutazama. Pili, nilichagua vitufe vitano vya kutumia wakati wa ibada, nikajikataza vingine vyote. Tatu, nilijifunza kitu ambacho ningepaswa kujifunza mapema, yaani kumbukumbu ya mpangilio.

Kumbukumbu hiyo ndiyo msaada mkubwa kuliko yote kwa mpigaji mzima, na wengi hawaigusi. Ukiisha kuandaa wimbo, yaani staili, kasi, saundi ya kulia, kimo cha do na nguvu ya kila ala, unahifadhi vyote kwenye kitufe kimoja chenye namba. Siku ya ibada unabonyeza namba, kinanda kinajipanga chenyewe. Maamuzi yote umeyafanya Jumanne, sebuleni, kwa utulivu. Jumapili imebaki kupiga tu. Kijana anaweza kuhangaika na kioo huku wimbo unaendelea. Sisi tujiandae kabla, kwani kujiandaa tumekujua maisha yetu yote. Na yote uliyohifadhi uyanakili kwenye fleshi. Ile yenye uzi mwekundu sasa ina kazi hiyo.

Dakika ishirini

Watu huniuliza kama kichwa cha mzee kinashika. Mwaka 2007 mtafiti Jennifer Bugos na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafundisha piano watu wa umri wa miaka 60 hadi 85 kwa miezi sita, kila mmoja na mwalimu wake. Ukilinganisha na wasiofundishwa, wanafunzi hao walipata nafuu katika majaribio ya kasi ya fikra na ya kupanga mambo. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo sitalipa uzito kupita kiasi. Ninalolitoa humo ni hili: vichwa vya umri huo vilifundishika.

Namna ya kujifunza ndiyo inayotofautiana. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alionyesha kwa kujipima mwenyewe kwamba kurudia kulikotawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko kurudia kulikorundikwa siku moja. Mimi hukaa dakika 20 asubuhi na dakika 20 jioni. Saa mbili mfululizo za Jumamosi zilinichosha bila kuniachia kitu. Hupiga polepole kiasi cha kutokosea, kwani mkono haujui kosa ni kosa. Unachorudia ndicho unachojifunza. Na wimbo unaponishinda, sianzii mwanzo. Naenda moja kwa moja kwenye mapigo mawili yanayonikwamisha, nakaa hapo.

Mwili nao una madai yake, na ni busara kuyasikiliza. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho huwa ngumu, na miwani ya kusomea imepimwa kwa umbali wa kitabu, ilhali kioo cha kinanda kiko mbali zaidi. Nilipima kwa kamba kutoka puani hadi kwenye kioo, nikaipeleka kamba kwa mpima macho. Akanitengenezea miwani ya umbali huo, na maumivu ya shingo yakaisha. Masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba. Nilikuwa nikipandisha matoazi mpaka niyasikie vizuri, mjukuu wangu akasema, "Babu, yanachoma." Tangu hapo yeye ndiye anayepima nguvu ya matoazi, na sibishani naye. Vidole vya asubuhi navitia kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuanza.

Kayamba

Mwaka wa pili nilikutana na upungufu ambao kitabu cha maelekezo hakikuwa na jibu lake. Kwaya yetu ina nyimbo za mwendo wa sita kwa nane, zile zinazowafanya kina mama watoke kwenye mabenchi. Nilizipitia staili zote za kinanda chetu, moja baada ya moja. Kulikuwa na walzi, bosanova na mwendo wa dansi za Ulaya. Ile ya kwetu haikuwamo.

Kinanda cha aina hii hukuruhusu kutengeneza staili yako. Unachagua urefu wa mdundo, mashine inauzungusha bila kukoma, nawe unaongeza ala moja kwa kila mzunguko, kama mtu anayesuka ukili kwa ukili. Nikamwendea bibi anayetikisa kayamba, mkubwa kwangu kwa miaka tisa, nikamwomba aje na kayamba lake. Akakaa kwenye kochi langu, akaanza kulitikisa, nami nikafuata kwa kubonyeza kibao cha saundi ya kayamba.

"Unachelewa," akasema. "Kayamba halingoji mguu."

Tulifanya jioni tatu. Ya kwanza nilipata ngoma ya chini, ya pili kayamba na makofi, ya tatu besi. Kisha nikafanya kile ambacho kitabu kinashauri: nikaiambia mashine inyooshe mapigo, kila pigo lisogee hadi mahali pake kamili kwenye hesabu. Tukasikiliza. Bibi akakunja uso.

"Mbona limekufa?"

Alisema kweli. Pigo lake la tatu huwa linatangulia kidogo, chembe tu, na ndilo linaloinua miguu. Mashine ilikuwa imelirudisha kwenye mstari. Nikafuta unyooshaji, pigo likarudi alipoliweka yeye, naye akaanza kutikisa mabega kabla sijamuuliza. Nikaihifadhi. Sehemu ya jina nikaandika KAYAMBA.

Jumapili iliyofuata nilibonyeza namba yangu, nikaweka mkono wa kushoto juu ya mi, so, do. Mdundo ukaanza pale vidole vilipogusa. Upande wa kina mama bibi aliinua kayamba lake, akalitikisa juu ya lile tulilolirekodi, na yote mawili yakawa sauti moja. Kwaya ikaingia. Wimbo ukadai fa. Mi ikapanda, so ikapanda, na gumba likabaki pale pale, juu ya do.